Neno Moja Limezidi

Mimi ndiye niliyesomea mambo haya. Hilo nianze nalo.
Nilijua saa ya kuchapisha (Jumanne, saa mbili usiku),
nilijua alama za reli zinazovuta watu,
nilijua kumalizia kwa swali, ili wajibu,
na kwa miaka mitatu, hapa Łódź,
nikavuna wafuasi mia tatu na kumi na wawili,
wawili kati yao ni mama yangu,
aliyesahau nywila ya kwanza.

Bi Wiesława alikuwa na simu yenye ufa
na kaunta ya vitu vilivyosahaulika kwenye tramu.
Miaka ishirini na sita anapokea miavuli.
Jioni moja akaniomba nimfungulie
"hicho kidirisha chako cha kusemea,"
akaandika kwa kidole kimoja,
kama mtu anayebonyeza kengele ya jirani asiyemzoea:

*Glavu ya kushoto, sufu ya kijani, tramu namba kumi.
Mkono wa kulia una joto. Wa kushoto, je?*

Nikamwambia: haina picha.
Nikamwambia: nani ana haja na habari za glavu?
Akapandisha mabega, akaenda kuchemsha chai.

Usiku ule walisoma kumi na mmoja.
Nikacheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Kesho yake:

*Meno ya bandia, ya juu. Kiti cha nyuma kabisa.
Bwana, leo umekula nini?*

Hapo ndipo moto uliposhika nyika.
Wauguzi wakatumiana zamu ya usiku,
mwalimu mmoja akaandika ubaoni,
na mwenye meno akaja kutoka Pabianice
kiganja kimefunika mdomo,
akicheka nyuma ya kiganja, machozi yakimtoka.
Elfu sita. Elfu arobaini.
Mimi nilikuwa napanga miavuli kwa rangi.

Kampuni ya glavu ikatuma barua tamu
na sanduku: pea mia, mpya, zina harufu ya dukani.
Alichotakiwa kufanya ni kuzitaja tu.
Akafungua daftari, akaandika kwa kalamu ya wino:
*Glavu, pea mia. Hazijapotezwa na mtu.*
Akazirudisha kwa posta, kwa gharama yake.

Nikamuuliza siri. Mara ya kwanza hakunisikia,
au alijifanya hakunisikia.
Mara ya pili akachomoa lebo mtungini,
zile za kufungia vitu kwa uzi,
karatasi yenye upana wa vidole viwili.
"Nafasi yangu ni hii," akasema.
"Haijawahi kuongezwa."

Januari goti lake likapasuliwa.
Akaniachia nywila, imeandikwa, bila shaka, kwenye lebo.
Watu wakaanza kuuliza: yuko wapi yule mama?
Nikaandika rasimu thelathini.
Nilitia utani, nikatia hekima,
nikatia jua linalozama nyuma ya bohari la tramu,
nikafuta, nikafuta,
mpaka nikachoka kuwa hodari.
Basi nikainua macho, nikaandika nilichokiona:

*Sweta ya kahawia, begani mwa kiti, tangu Jumatatu.
Mwenyewe anajulikana. Tafadhali arudi kuichukua.*

Walioguza moyo walipita elfu tisini.
Nilihesabu hadi usiku wa manane,
kisha nikaona haya kuhesabu,
kisha nikahesabu tena.

Alirudi Machi, na gongo, na mfuko wa machungwa.
Kwanza alivaa sweta.
Halafu akaomba simu, akasoma polepole,
midomo yake ikitembea bila sauti.
Nilisimama pale kama mtoto anayesahihishiwa imla.

"Tafadhali," akasema hatimaye.
Nikangoja aendelee.
"Hilo. Hilo *tafadhali*. Limezidi."

Akalifuta. Mengine akaniachia.

Nje, namba kumi ikapiga kengele kwenye kona,
na kaunta ilikuwa na mtu tayari,
kijana mwenye theluji nyweleni,
hana kofia, hajui aanzie wapi.
Bi Wiesława akanisukumia lebo.